Walipopandisha Boti Barabarani

Vijana wenzangu wa gati, siku ya kuniaga mliniomba niseme maneno mawili. Nilisema moja nikaketi, kwa sababu pilau ilikuwa inapoa na mgeni rasmi alikuwa ameshasema yake na yangu. Haya ndiyo yaliyobaki. Sitawaeleza nilivyopanda vyeo, maana gatini hakuna vyeo vya kupanda. Kuna ngazi tu, nazo zina utelezi.

Ngazi hizo ndizo zilizonipokea. Nilitoka kwetu Mkomani, kisiwani, asubuhi nimevaa viatu vyeusi nilivyovipiga rangi hadi vikang'aa, nikavuka kwenda bara, Mokowe, pale barabara ya Mombasa inapokomea na watu wote wa visiwani wanapoteremka garini ili waingie botini. Nilikuwa nimeajiriwa kuwa msaidizi wa msimamizi wa gati. Msimamizi mwenyewe alikuwa Bwana Aboud, mtu mrefu, mkavu, ambaye sikuwahi kumwona akikimbia. Maji ya bahari yalikuwa yametoka, ngazi za chini zimevaa mwani. Nilikanyaga mara moja tu. Bwana Aboud alinitazama nikiwa nimelala chali, akaniambia kazi imeanza vizuri, kwa kuwa sasa najua ngazi ilipo. Akanituma nikavue viatu. Tangu siku hiyo nimefanya kazi miguu mitupu au kwa malapa, na viatu vile nikavivaa kwenye harusi mpaka vikanibana.

Bwana Aboud ndiye aliyenifundisha yote ninayoyajua. Alinifundisha kumshika mtu kiwiko anapoingia botini, si kiganja, kwa sababu kiganja huteleza na mwenyewe hudhani unamsalimia. Alinifundisha kuwapanga abiria kwa uzito bila kuwaambia kuwa unawapanga kwa uzito. Bi mnene haambiwi ahamie upande wa pili ili boti ikae sawa. Huambiwa upande ule una kivuli. Alinirithisha pia vifaa vyake: firimbi, mti mrefu wenye ndoano wa kuvutia boti, na kipaza sauti ambacho hakikutoa sauti mpaka kipigwe kofi. Wageni walipokuwa wakiniona nakizaba kofi kile chombo walidhani nina hasira.

Kesi ngumu ziliniandama miaka yote. Alikuwapo punda aliyelala katikati ya boti akakataa kuamka upande huu wala ule, akavushwa mara tatu kama abiria mwenye safari zake. Alikuwapo mheshimiwa mmoja aliyekataa kuvaa jaketi ya kujiokolea kwa kuwa ingeficha tai yake. Bwana Aboud alimwambia kwa adabu zote kwamba akizama tutaitafuta tai kwanza. Mheshimiwa alivaa. Lakini kesi iliyo ngumu kuliko zote ilikuja Bwana Aboud akiwa ameshastaafu, mimi ndiye msimamizi, na iliniwia ngumu kwa sababu ilinijia kwa miguu ya watu ninaowapenda, wakiwa na haki mkononi.

Redio ilitangaza kwamba petroli imepanda tena. Kwetu sisi petroli si habari ya wenye magari. Sukari tunayokunywa imekuja kwa petroli, na maiti wetu anayeletwa kutoka hospitali za mbali huja kwa petroli vilevile. Basi watu walikasirika, na waliokasirika zaidi ni wenye boti na vijana wa bodaboda. Wenye boti mwenyekiti wao alikuwa Bwana Fumo, mwenyeji wa Matondoni, aliyeanza kama baharia wa kawaida na sasa ana boti kadhaa, kofia nzuri ya kushonwa kwa mkono, na tabia ya kusafisha koo kabla hajasema hata "ndiyo". Bodaboda msemaji wao alikuwa kijana aliyeitwa Brayo, mgeni wa kutoka bara, mchangamfu, mwenye sauti isiyohitaji kipaza.

Walifanya mkutano wao kwenye kibanda cha tiketi, na kwa kuwa kibanda ni changu, nilikuwamo. Ikakubaliwa barabara ya kuja gatini ifungwe mpaka serikali isikie. Niliuliza, kwa nia njema kabisa, ni nani hasa hupita barabara ile. Bwana Fumo akasafisha koo, akasema hupita serikali. Nikawaambia kwamba miaka yote niliyokaa pale nimeona vitunguu vikipita kila siku, na serikali mara moja moja, tena siku hizo hupigwa king'ora ili sisi ndio tupishe. Walicheka. Walidhani natia mzaha.

Asubuhi yake nilikuta jambo ambalo sikuwahi kuliona. Boti tatu zilikuwa zimekaa katikati ya barabara. Zilikuwa mbovu, hazina mashine, zimevutwa kutoka ufukweni kwa kamba na kelele. Boti nzima za Bwana Fumo zilikuwa zimefungwa salama mahali pake, zimefunikwa turubai. Mbele ya zile mbovu palikuwa na mawe na matairi, na juu yake bango la kitambaa lililosema petroli ipunguzwe, ingawa picha ya Bwana Fumo ilikuwa kubwa kuliko maneno yenyewe. Halafu wakataka kuyawasha matairi, yakakataa kushika. Brayo akatoa petroli kwenye pikipiki yake, wenzake wakatoa kwenye zao, wakayamiminia. Yakawaka vizuri sana. Moshi ukapeperushwa na upepo wa baharini ukawarudia wenyewe, wakahamia upande wa pili wa kizuizi wakikohoa, na kutoka huko wakaendelea kulalamika kuwa petroli haishikiki.

Siku ya kwanza watu waliwaunga mkono. Abiria walioshuka kwenye mabasi walipiga makofi, wakajitwika mizigo, wakapita kando kwa miguu ili waje wapande boti. Gatini wakakuta boti nazo zimegoma. Makofi yakapungua. Jua lilipopanda, watoto walianza kulia, na malori ya mboga yakajipanga nyuma ya moshi. Mboga zile zilikuwa za kina mama wa sokoni kisiwani, na aliyekuwa na nyingi zaidi ni Bi Mwanaisha, mwuza nyanya ambaye amepanda boti zetu tangu hajaolewa. Alikuwa amevuka jana yake kwenda kuulaki mzigo wake, na sasa alikuwa amekaa juu ya debe, buibui limejaa vumbi, anazitazama nyanya zake zikilainika.

Alimwendea Bwana Fumo mwenyewe. Hakumtukana. Alimwambia petroli imemuumiza na yeye, na hilo hawana la kubishana. Alichotaka kujua ni nani anayeadhibiwa. Bwana Fumo akamweleza kwamba kila mapambano yana gharama yake.

"Gharama hiyo mbona nailipa mimi?" Bi Mwanaisha akauliza.

Bwana Fumo akasafisha koo, akaagiza chai.

Mchana ule serikali ilikuja kweli. Nasema kweli kwa sababu nilihakikisha baadaye. Afisa mmoja alitumwa aje awasikilize, akaja na dereva, na gari lake halikuwa na bendera wala king'ora. Vijana waliokuwa mwisho wa mbali wa kizuizi wakamsimamisha.

"Hakuna kupita hapa mpaka serikali ije," wakamwambia.

Akawaambia serikali ndiyo yeye. Wakamjibu kwamba tangu asubuhi kila mtu amekuwa akisema hivyo, na mmoja alikuwa na kuku. Afisa akangoja kidogo, akafungua dirisha moshi ukaingia, akafunga dirisha, akageuza gari akarudi alikotoka. Habari zilipomfikia Bwana Fumo alikuwa anakunywa chai. Alikiweka kikombe chini polepole. Brayo akajaribu kumfariji, "Atarudi tu, chairman, hiyo ni pressure inaanza kumshika." Hakurudi.

Sasa sikilizeni siku ya pili, kwa sababu ndiyo niliyokusudia kuwasimulia.

Asubuhi, gari dogo la abiria lilifika kutoka Kililana na kusimama mbele ya mawe. Ndani alikuwamo Mzee Njoroge, mkulima wa huko, na binti yake aliyemshika begani. Mimi nilimjua. Figo zake zilikuwa zimekataa kazi, na kila wiki alivuka kwenda hospitali kisiwani kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyezoea kuniletea papai kila anapovuka na kuniambia nisimpe mtu. Siku ile hakuwa na papai. Miguu ilikuwa imevimba, uso umevimba, na pumzi ilimjia kwa shida. Binti alisema kliniki iliyopita hawakufika kwa sababu gari liliharibika, kwa hivyo hii haingeweza kukosekana.

Nilikwenda kwa kamati yao ya mgomo, kibandani. Nikadhani ni jambo la kusema neno moja na mawe yakasogezwa. Bwana Fumo alisikitika, nakiri alisikitika kwa dhati. Lakini akasema wakimfungulia mmoja, kila mtu ataugua. Mjumbe mwingine akauliza kama kuna barua ya daktari. Mwingine akasema barua hughushiwa. Wakaamua kukaa kikao. Nikasimama mlangoni mwa kibanda changu mwenyewe, nikisikiliza watu wazima, ambao baadhi yao nimewasalia baba zao jeneza, wakijadili kama Mzee Njoroge anaumwa kiasi cha kutosha. Niliwaambia waje wamwone kwa macho yao. Wakasema watakuja kikao kikiisha.

Kikao hakijaisha ndipo tuliposikia honi. Lilikuwa gari la miraa.

Wale wasioijua nchi yetu niwaeleze kwamba gari la miraa halisimami. Hutoka mbali sana, hukimbia usiku kucha, na majani yale yakikauka hayana thamani tena. Vijana wa kizuizini walikuwa wamekesha, na tangu jana hawakuwa wametafuna kitu. Sikusikia kikao chochote kikiitwa. Mawe yaliondoka kama yana miguu. Boti moja ikasukumwa kando, na njia ya kutosha gari ikapatikana. Mjumbe mmoja akatoka mbio kibandani kuja kutoa sababu, akasema huo ni mzigo unaoharibika.

Bi Mwanaisha alikuwa bado juu ya debe lake. Aliinuka, akaenda akasimama katika ile nafasi, mbele ya gari la miraa lenye dereva aliyekuwa bado anapiga honi. Hakuharakisha. Wanawake wenzake wa sokoni wakamfuata mmoja mmoja, wakasimama kandokando yake. Dereva akaacha honi. Nilimwona mama anayewauzia waandamanaji chai na mahamri akitazama, kisha akachukua kopo la maji akalimwagia jiko lake. Mvuke ulipanda. Akafunika mahamri kwa kitambaa, akaja akajiunga na wenzake.

Bwana Fumo alipofika, Bi Mwanaisha alizungumza kwa sauti ya kawaida, ile ya mtu anayepanga bei.

"Mwanangu Fumo, nyanya zangu zimeoza, nimenyamaza. Mgonjwa yuwapo pale tangu asubuhi, mwamtakia barua. Majani haya yamekuya sasa hivi, mmeyafungulia bila barua. Sasa ndia hii hapiti mtu mpaka apite yule mzee kwanza. Na leo hapa hapanywewi chai."

Abiria waliokwama walikuwa wameshasogea karibu. Hakuna aliyerusha jiwe. Walisimama tu nyuma ya wale wanawake, wakawa wengi kuliko waandamanaji, wakawatazama. Mzee mmoja alisema kwa upole kwamba yeye pia hawezi kununua petroli, wala hana boti ya kuiweka, na angependa kwenda nyumbani. Watu wakaitikia ndiyo.

Aliyevunjika kwanza ni Brayo. Alikwenda mpaka kwenye gari dogo, akainama dirishani. Sijui alitegemea kuona nini. Alirudi uso umebadilika. "Wasee, huyu buda ni mgonjwa kweli," akawaambia wenzake. "Tutoe hizi vitu." Akaanza kuvuta peke yake kamba ya boti iliyoziba mbele ya gari la mzee, na boti haikujongea, kwa sababu boti haikuumbwa iende barabarani. Wenzake wakamsaidia, abiria wakaja, hata dereva wa miraa akashuka akavuta, kwa sababu zake.

Kutoka pale ikawa kazi yangu, na kazi naijua. Tulimlaza Mzee Njoroge kwenye mkokoteni wa mizigo, tukamtandikia magunia na kanga, Bi Mwanaisha akamshikia mwavuli. Maji yalikuwa yametoka, ngazi za chini zote ziko nje. Sikuwaruhusu vijana wamshike mikono na miguu kama walivyotaka. Tulimkalisha kwenye kiti cha plastiki cha kibandani, wawili nyuma, wawili mbele, miguu mitupu wote, na mimi nikatangulia kinyumenyume nikisema kila ngazi kabla hawajaikanyaga. Nilimkumbuka Bwana Aboud katika kila ngazi. Brayo alikuwa upande wa chini, uzito wote umemlalia kifuani, akirudia kwa sauti ndogo kila ngazi niliyoitaja, jambo ambalo lilikuwa geni kwangu na pengine kwake.

Tulipofika chini hapakuwa na boti. Manahodha walikuwa wamegoma kama walivyoagizwa, wamekwenda makwao kulala. Bwana Fumo alikuwa juu ya ngazi, kofia mkononi. Akaniambia boti anazo, mafuta yamo, lakini nahodha hana.

"Bwana Fumo," nilimwambia, "wewe ulikuwa nani kabla hujawa mwenyekiti?"

Alivua viatu. Alishuka taratibu, akakanyaga ngazi ya mwisho akateleza, nikamdaka kiwiko. Akavuta turubai kwenye boti yake mpya kabisa, akawasha mashine, na nikaona mikono yake haikusahau kitu. Nikamvalisha mgonjwa jaketi, nikamvalisha binti yake, nikaingia nao.

Tulikuwa tumeacha gati nyuma tuliposikia Mzee Njoroge akisema. Alikuwa amefumba macho muda wote, nikadhani amelala.

"Ni wewe mwenyekiti?" aliuliza.

Bwana Fumo akasema ni yeye. Nilimwona akijikaza, anangoja kulaumiwa, na nadhani alitaka alaumiwe ili yaishe.

"Mimi nina pampu ya kunyweshea shamba," Mzee Njoroge akasema, akisimama kila baada ya maneno machache ili avute pumzi. "Msimu huu haijawashwa. Mahindi yamekauka yakiwa hapa." Akaonyesha kimo cha goti. "Petroli imenishinda, hata mimi. Mngeniita, ningekuja."

Bwana Fumo hakusafisha koo. Alitazama mbele, akapunguza mwendo kwa sababu mawimbi yalikuwa yanamtikisa mgonjwa, na tukaenda hivyo mpaka ng'ambo, ambako wauguzi walikuwa wanangoja na machela. Binti alituambia jioni kwamba walimwahi.

Barabara haikufungwa tena. Tuliporudi tulikuta boti mbovu zimerudishwa ufukweni, jiko la chai limewashwa upya, na vijana wamekaa wakitafuna miraa yao, ambayo ilikuwa imekauka. Bi Mwanaisha alizimwaga nyanya zilizoharibika mbele ya kibanda cha tiketi ilimokaa kamati, akaziacha pale, na siku zote zilizofuata wajumbe waliingia kwenye vikao kwa kuruka.

Mwezi uliofuata walikusanyika tena. Safari hii walikwenda wote mpaka ofisi ya yule afisa, wakakaa nje kwa utulivu, njia ya watu ikiwa wazi. Wanawake wa soko walikuja, wakulima wa Kililana wakaja, na Mzee Njoroge aliletwa akakalishwa mbele. Afisa alipotoka alikwenda moja kwa moja kwake akampa mkono, akidhani ndiye mwenyekiti, na Bwana Fumo hakumsahihisha. Waliahidiwa kwamba suala lao litaangaliwa kwa jicho la karibu. Petroli haikushuka. Nadhani bado inaangaliwa.

Mimi nimestaafu, kibanda ni chenu. Mtamwona Mzee Njoroge siku za kliniki, na boti inayomvusha ni ya Bwana Fumo. Akichelewa, boti humngoja. Abiria hunung'unika, huuliza kwa nini wazuiliwe juani kwa ajili ya mtu mmoja, wengine wakamtajia mwenye boti mpaka jina la mamake. Bwana Fumo huwaambia wakae. Hajaacha kuwachelewesha watu, ila siku hizi huwachelewesha kwa sababu ya maana. Wakizidi, mwambieni bi mwenye sauti kubwa kuliko wote kwamba upande wa pili una kivuli.